Nukta Isiyofutika Kwenye Kioo cha Laptopu

Katika nyumba nyingi za askari mjini Kampala laptopu si chombo cha anasa tena. Shule zilipofungwa mwezi wa Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na madarasa yote yasifunguliwe hadi Januari 2022, wazazi wengi walitambua kwamba redio na televisheni peke yake hazitoshi kumfundisha mtoto aliye nyumbani. Mtaala mpya wa Senior One hadi Senior Four, ulioanza mwaka ule ule wa 2020, nao umeleta kazi za mradi ambazo mwanafunzi hutakiwa kuzitafiti na kuziandika mwenyewe. Basi baba hukopa katika chama cha akiba na mikopo, awe mwanajeshi wa Wazalendo au polisi wa Exodus; mama naye huongeza kile alichokiweka kidogo kidogo kwa kuuza mandazi au kushona nguo, na chombo huingia nyumbani kwa shangwe.

Kisha siku moja huonekana nukta. Yaweza kuwa nyeusi kama kichwa cha sindano, au ya kijani iwakayo kama jicho la mdudu usiku. Mtu huipangusa kwa kitambaa, haitoki. Huikwaruza kwa ukucha, haitoki. Mashine huzimwa, ikawashwa tena, na nukta ipo pale pale. Hapo ndipo maneno huanza: nani aliichezea? Nani aliiangusha? Na kwa kuwa aghalabu mwenye kuitumia zaidi ni mtoto, mtoto ndiye hushtakiwa.

Haya yalitokea katika kambi moja mjini humo. Baba wa nyumba, sajini, alikuwa Somalia, ambako majeshi ya Uganda yaliingia kwa mara ya kwanza mwezi wa Machi 2007 na ambako askari wengi wa nchi hii wametumikia zamu zao. Mkewe alinunua laptopu kwa fedha alizotumiwa. Baada ya majuma sita aliona nukta ya kijani upande wa kushoto wa kioo, akaeleza kwenye simu. Sajini, ambaye hakuwa na njia ya kuona kwa macho yake, alitoa amri kama atoavyo kazini: kijana asiiguse tena mashine mpaka yeye arudi. Kijana huyo alikuwa Senior Three, na kazi yake ya mradi ilikuwa imefika nusu. Aliapa kwamba hakufanya lolote. Hakuaminiwa.

Aliyemwokoa ni koplo jirani, mtu wa idara ya mawasiliano, ambaye hakuanza kwa kutafuta mkosaji. Alimwuliza mama kama alikuwa na picha yoyote ya mashine hiyo tangu siku ya kwanza. Mama alikuwa nayo: jioni ileile ya kununua alikuwa amempigia mumewe picha ya laptopu ikiwa inawaka, kioo kingali cheusi, ili aone fedha yake imefanya kazi gani. Koplo aliikuza ile picha kwenye simu. Nukta ya kijani ilikuwapo, mahali pale pale.

“Mama, hii imetoka nayo kiwandani,” alisema. “Mrudishie kijana mashine yake.”

Picha ilitumwa Somalia, na amri ikafutwa usiku huo huo. Lakini majuma matatu ya masomo yalikuwa yamekwisha kupotea, na hayo hayakuwa na risiti ya kuyarudisha.

Ili nyumba nyingine isiingie katika hukumu ya namna hiyo, yafaa kufahamu kwanza kioo hicho kimeundwaje. Kioo cha laptopu ya kawaida, ile iandikwayo dukani 1366 kwa 768, kina nukta 1,049,088 zilizopangwa kwa safu. Kila nukta, ambayo mafundi huiita pikseli, imegawanyika katika vijisehemu vitatu: chekundu, cha kijani na cha buluu. Kwa hiyo jumla ya vijisehemu ni 3,147,264. Katika kioo kilicho bora zaidi, cha 1920 kwa 1080, hesabu hufika 6,220,800. Rangi zote zionekanazo, tangu weupe wa karatasi hadi weusi wa ngozi ya mtangazaji, hutokana na hivyo vitatu kufunguliwa na kufungwa kwa viwango mbalimbali.

Nyuma ya kioo kuna taa nyeupe iwakayo wakati wote. Mbele ya taa hiyo umo utando wa kimiminika cha ajabu, mwembamba kuliko unywele mara kumi na zaidi, ambacho hutiririka kama mafuta lakini chembe zake hujipanga mistari kama askari katika gwaride. Wataalamu hukiita fuwele za kimiminika. Umeme ukipita, chembe hugeuka. Zikigeuka, mwanga huruhusiwa au huzuiwa. Jambo hili liligunduliwa kwa kutazama karoti. Mwaka 1888 Friedrich Reinitzer, mtaalamu wa mimea kutoka Austria aliyekuwa akifanya kazi Prague, alichunguza kitu kilichotokana na mmea huo, akaona kwamba kinayeyuka mara mbili: kwenye nyuzi 145.5 kikawa maji yenye ukungu, na kwenye nyuzi 178.5 kikawa maji maangavu. Yale maji ya ukungu ndiyo babu wa vioo vya leo, ingawa ilipita miaka 80 kabla ya kampuni ya RCA ya Marekani kuonyesha hadharani, mwaka 1968, kioo cha kwanza kilichofanya kazi kwa njia hiyo.

Sasa, kila kijisehemu kina transista yake ndogo isiyoonekana kwa macho. Hiyo ndiyo koplo wa kikosi: yeye hupokea amri na kuigeuza safu yake peke yake. Koplo mmoja akifa, safu yake husimama kama ilivyokuwa, huku gwaride zima likiendelea kutii. Hii ndiyo nukta iliyokufa. Katika vioo vya aina moja, chembe zisizopata amri huzuia mwanga, na nukta huwa nyeusi daima. Katika aina nyingine huuacha mwanga upite, na nukta huwa nyeupe daima. Yote mawili ni kifo kile kile. Na kama vile koplo aliyekufa asivyomwambukiza mwenzake, ndivyo nukta iliyokufa isivyoambukiza zilizo jirani. Maneno yanayosemwa mitaani kwamba “inakula kioo” hayana msingi.

Iko hali nyingine, iliyo nafuu. Wakati mwingine transista haikufa bali imeganda, ikiendelea kutoa amri ile ile bila kubadili. Hapo kijisehemu kimoja huwaka wakati wote, na mtu huona nukta nyekundu, ya kijani au ya buluu hata picha yote ikiwa nyeusi. Hiyo ndiyo iliyokuwa kwa sajini. Nukta iliyoganda huenda ikarudi kazini, iliyokufa hairudi.

Hapo hapo hapana budi kutaja yale yanayofanana na nukta lakini si nukta, kwa maana fedha nyingi hupotea kwa kutibu ugonjwa usio wenyewe. La kwanza ni uchafu. Vumbi jekundu la barabara za murami hupenya kila mahali, na tone dogo la mafuta ya kupikia likikauka juu ya kioo hushika kama gundi. Zima mashine, uiache ipoe, kisha pangusa kwa kitambaa laini kilicholoweshwa maji kidogo na kukamuliwa vema. Maji yasinyunyizwe kwenye kioo chenyewe, wala dawa ya kusafishia vioo vya madirisha isitumiwe. La pili ni mdudu. Wapo wadudu wadogo mno wanaovutwa na mwanga wakaingia ndani ya tabaka za kioo. Mdudu hai hutembea, na mtu huona nukta inayohama, jambo ambalo pikseli haiwezi kulifanya. Asibonyezwe. Akibonyezwa akafia hapo, atakaa hapo. Mashine izimwe usiku, taa nyingine iwashwe mbali kidogo, na mara nyingi mgeni huyo hutoka mwenyewe.

La tatu ni ufa. Doa jeusi lenye umbo la wino uliomwagika, kubwa kuliko kichwa cha sindano na linaloongezeka siku hadi siku, si pikseli. Kioo cha ndani kimevunjika na kimiminika kinavuja, na hapo kweli kuna aliyekiangusha au kukikandamiza. La nne ni mstari mrefu wa rangi utokao juu hadi chini; huo hutokana na waya au kiungo kilicholegea, na huenda ukazidi. Kwa mstari na kwa doa la wino, fundi anahitajika. Kwa nukta moja tulivu, aghalabu hahitajiki kabisa.

Kuna jaribio rahisi kwa anayetia shaka. Laptopu iunganishwe na televisheni kwa waya wa HDMI. Nukta ikiwa kwenye laptopu tu na televisheni ikawa safi, kosa ni la kioo cha laptopu. Ikiwa inaonekana kwenye vyote viwili, basi nukta imo ndani ya picha au programu yenyewe, na kioo hakina hatia.

Yote hayo ni ya baada ya kununua. Mahali pa kuikamata nukta ni dukani, fedha ikiwa ingali mkononi. Anayekwenda Kampala Road, Wilson Road au katika majengo yenye vibanda mamia yaliyozunguka maegesho ya teksi, huonyeshwa laptopu ikiwa na picha ya mlima au ya maua. Picha hizo ni nzuri kwa muuzaji kwa sababu nukta hujificha ndani ya rangi nyingi kama chui katika majani. Mnunuzi mwenye busara hubeba flashi yenye picha tano tupu: nyeupe tupu, nyeusi tupu, nyekundu, kijani na buluu. Mtoto yeyote aliyefundishwa kompyuta shuleni aweza kuzitengeneza kwa dakika chache. Kila moja hufunguliwa ijaze kioo chote, na mnunuzi huitazama polepole, kona kwa kona, ndani ya duka na si barazani penye jua.

Picha nyeusi hufichua nukta zilizoganda zikiwaka. Picha nyeupe hufichua zilizokufa, na hapa kuna ujanja wa kuzisoma. Nukta nyeusi kabisa maana yake vijisehemu vyote vitatu vimekufa. Ikionekana ya manjano juu ya weupe, kilichokufa ni kijisehemu cha buluu. Ikiwa na rangi ya waridi iliyoiva, ni cha kijani. Ikiwa samawati iliyochanganyika na kijani, ni chekundu. Picha tatu za rangi huthibitisha yaliyoonekana. Kazi nzima haizidi dakika tano, na muuzaji anayekataa mteja asitazame kwa dakika tano amekwisha kujieleza mwenyewe.

Hali hii inahusu zaidi laptopu zilizokwisha kutumika Ulaya na kwingineko. Mwaka 2009 Serikali ilitangaza katika bajeti kuzuia uingizaji wa kompyuta, friji na televisheni zilizotumika, kwa kuhofia takataka zake. Hata hivyo laptopu zilizotumika hazikutoweka mitaani. Nyingine ni mashine imara kuliko mpya za bei rahisi, na hakuna aibu kuzinunua. Ila mara nyingi zimeacha ofisi za watu kwa sababu, na sababu mojawapo ni kioo.

Lakini hata mashine mpya, iliyotolewa kwenye boksi lake, huenda ikawa na nukta, na kiwanda kikakataa kuibadili. Hili huwaudhi wengi, nao husema wamedhulumiwa. Ukweli ni kwamba kutengeneza vijisehemu milioni tatu bila hata kimoja kufa ni kazi ngumu, na viwanda vimejiwekea kiasi kinachovumiliwa. Shirika la kimataifa la viwango, ISO, liliweka madaraja mwaka 2001. Daraja la kwanza halikuruhusu nukta mbaya hata moja. Daraja la pili, ambalo ndilo viwanda vingi vililifuata, liliruhusu katika kila pikseli milioni moja: mbili zinazowaka daima, mbili zilizo nyeusi daima, na vijisehemu vibovu vitano. Mwaka 2008 kanuni hizo zilibadilishwa na nyingine mpya zaidi, lakini msingi wa kuhesabu haukuondoka. Kwa hiyo anayerudi dukani na nukta moja, akitegemea waranti ya kiwanda peke yake, huenda akarudi nyumbani nayo.

Kinachomsaidia zaidi ni makubaliano yake na muuzaji. Risiti nyingi za Kampala zimepigwa chapa chini kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Maneno hayo huwatisha watu kuliko inavyostahili. Sheria ya Uganda ya mwaka 2017 kuhusu uuzaji wa bidhaa na utoaji wa huduma hudai kwamba bidhaa ilingane na maelezo yaliyotolewa, na kwamba mnunuzi apewe nafasi ya kuikagua. Aliyeambiwa “kioo ni safi” akakuta si safi, ana la kusema. Aliyeonyeshwa nukta, akakubali na kulipa, hana. Kwa sababu hiyo yafaa kumwomba muuzaji aandike kwenye risiti kwa mkono wake: namba ya mashine, hali ya kioo, na siku ambazo mnunuzi anaruhusiwa kuirudisha. Siku 7 zinatosha. Mgogoro ukizidi, iko njia ya mahakama ya madai madogo, iliyowekwa kwa kanuni za mwaka 2011 kwa madai yasiyozidi shilingi milioni 10, ambako mtu hujitetea mwenyewe bila wakili. Lakini ni nadra nukta moja kustahili safari ya mahakamani. Mara nyingi inastahili punguzo la bei, na hapo mnunuzi aliyeiona kabla ya kulipa ana nguvu kuliko hakimu.

Tuseme basi nukta imekwisha kuwa ya nyumba. Cha kufanya kinategemea aina yake.

Iliyoganda, ile yenye rangi moja iwakayo, huweza kujaribiwa kwa programu za bure zinazobadilisha rangi kwa kasi kubwa mahali pale ilipo nukta, kusudi transista ilazimishwe kupokea amri nyingi kwa muda mfupi. Dirisha dogo la programu huwekwa juu ya nukta, likaachwa lifanye kazi nusu saa, au saa kadhaa. Wengine hufaulu, wengi hawafaulu. Hakuna gharama ila umeme. Jambo moja lizingatiwe: mwanga huo unaometameta ni hatari kwa mwenye kifafa, hivyo mashine igeuziwe ukuta na watoto wasikae kuitazama kama sinema. Kama siku mbili za majaribio hazikuleta badiliko, hakuna faida ya siku ya tatu.

Wapo wanaofundisha kwamba nukta ikandamizwe kwa ncha ya kalamu iliyofungwa kitambaa, au isuguliwe kwa kidole wakati mashine inawaka. Ni kweli kwamba mara chache jambo hilo limesaidia. Lakini utando ule ni mwembamba mno, na kidole cha askari si kidole cha mshona saa. Aliyeanza na nukta moja huweza kumaliza na doa la wino lenye ukubwa wa shilingi mia. Katika nyumba yenye mashine moja tu, yenye kutumiwa na watu watano, ushauri huo ukataliwe.

Iliyokufa haina dawa. Tiba pekee ni kubadili kioo kizima, na hapo ndipo mlango wa hasara hufunguliwa. Kioo hugharimu shilingi laki kadhaa, na kwa laptopu iliyotumika bei hiyo huenda ikakaribia nusu ya thamani ya mashine. Kwa ajili ya kijisehemu kimoja kati ya milioni tatu! Fedha hiyo ni daftari, sare na nauli za mtoto kwa muhula. Zaidi ya hayo, vioo vingi vya spea havikutoka kiwandani moja kwa moja. Vimetolewa katika mashine nyingine zilizokufa kwa sababu nyinginezo, na mwenye kubadili huenda akaagana na nukta moja akapokea tatu.

Ikiwa kioo kimepasuka na hapana budi kukibadili, mwenye mashine asimwachie fundi na kuondoka. Nyuma ya kila kioo ipo karatasi ndogo yenye namba ya aina yake. Kioo kipya kiwe na namba ile ile au ile ambayo fundi aweza kuonyesha kwamba inaingiliana nayo. Kiungo cha waya kiwe na idadi ile ile ya pini, kwa kuwa kipo cha pini 30 na kipo cha pini 40, na kimoja hakikai mahali pa kingine. Kisha zile picha tano za kwenye flashi zionyeshwe juu ya kioo kipya kabla hakijafungwa kwa parafujo. Fundi mwema hachukizwi na hili. Fundi wengi wa Kampala ni vijana wenye mikono mizuri ajabu, waliojifunza kwa kukaa miaka kibandani karibu na aliyewatangulia, na wao wenyewe hujua kwamba mteja akikagua mbele yao harudi kesho na ugomvi.

Kwa walio wengi, basi, jibu ni kuishi na nukta, nayo si kazi kubwa. Ikiwa chini kabisa ya kioo, ule mstari wa vitufe vya programu huifunika. Baada ya mwezi jicho huizoea lisiione tena. Mahali pamoja tu inahitaji uangalifu wa kweli, napo ni penye hesabu. Nukta nyeusi juu ya ukurasa mweupe hufanana sana na nukta ya desimali au ya mwisho wa sentensi. Karani wa kituo anayeandika orodha ya posho aweza kusoma 1250 kuwa 12.50 ikiwa tarakimu zimeangukia pale; mwanafunzi aweza kunakili jibu la 45 kuwa 4.5 akapoteza alama bila kosa lake. Dawa ni kusogeza ukurasa juu au chini kidogo: nukta ya maandishi itakwenda na maandishi, na nukta ya kioo itabaki. Wala haichapishwi kwenye karatasi, kwa hiyo hati ikaguliwe mara ya pili baada ya kutoka kwenye printa. Yafaa kila anayeitumia mashine hiyo, hata mgeni wa siku moja, aonyeshwe nukta ilipo kabla hajaanza kazi.

Yaliyobaki ni kuzuia hasara kubwa kuliko nukta. Vioo vingi vya laptopu katika kambi huvunjika kwa sababu moja: kalamu, au waya wa masikio, au pini ya nywele, iliyosahauliwa juu ya vitufe wakati mashine inafungwa. Kioo huinuliwa na kufungwa kwa kushika katikati ya ukingo wa juu, si kwa kona moja. Askari anayehama na mzigo wake kwenye lori aiweke laptopu katikati ya nguo ndani ya sanduku, isiwe juu ambapo wenzake watakalia. Na nyumba za mabati za duara, ambazo polisi wengi wamekaa ndani yake, huwa na joto kali mchana; mashine isiachwe karibu na ukuta wa bati upande wa jua, maana joto hulegeza zile safu za gwaride, kioo kikatia giza kwa muda, na gundi ya tabaka zake ikaharibika polepole.

Kuhusu kioo kibovu kilichotolewa, kisiachwe nyuma ya nyumba watoto wakichezee. Kingo zake hukata, na vioo vya mashine za zamani huwa na taa nyembamba ya tyubu yenye zebaki kidogo, ambayo ni sumu ikivunjika. Fundi aachiwe akichukue, kwa kuwa mara nyingi anahitaji fremu na waya zake. Na kwa kuwa anavihitaji, bei ya kazi nayo ipunguzwe kidogo.